Chombo Kisichonung'unika

Mahubiri ya Dominika ya 27 ya Mwaka C



Injili ya Dominika ya leo, kama alivyoiandika Mtakatifu Luka, ina sehemu mbili ambazo kwa haraka huonekana kama hazihusiani. Katika sehemu ya kwanza mitume wanamwomba Bwana awaongezee imani. Katika sehemu ya pili Bwana anawaeleza habari za mtumwa anayerudi jioni kutoka shambani au machungani, naye badala ya kuketishwa mezani anaambiwa ajifunge, aandae chakula, amhudumie bwana wake, ndipo naye ale. Na mwisho wa yote Bwana anawafundisha wafuasi wake kwamba wakiisha kutenda yote waliyoagizwa, wajihesabu kuwa ni watumwa wasio na faida, kwa maana walichofanya ni kile tu kilichowapasa.

Ni maneno magumu. Wako wanaoyasikia wakadhani Bwana Yesu anakubaliana na ukali wa mabwana wasiojua kushukuru. Wako pia, na hili ni baya zaidi, wanaoyatumia kuwanyamazisha wale wanaowahudumia. Basi leo tuyatafakari kwa utulivu, tukisaidiwa na chombo ambacho kila mtu aliyekulia Nachingwea au Ruangwa anakifahamu, yaani baiskeli kuukuu ya nyumbani, ile inayoegemezwa nyuma ya jiko.

Lakini kwanza tuliangalie ombi la mitume. Mwanadamu hupenda kuongezewa. Akiona kazi ni kubwa, huomba chombo kikubwa. Bwana anawajibu mitume kwa kuwaonyesha mbegu ya haradali, kitu kidogo kiasi cha kupotea kiganjani, na kusema kwamba imani ya kiasi hicho yatosha kuung'oa mti na kuupanda baharini. Hawaambii kwamba watapewa ghala la imani. Anawaambia watumie hiyo waliyo nayo.

Sisi wa kusini tuna historia inayotufundisha jambo hilo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika nchi yetu, iliyoitwa Tanganyika wakati ule. Mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea yalipangwa kufyekwa ili karanga zilimwe kwa maelfu ya ekari. Mashine zililetwa kwa meli. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Mwezi Januari 1951 mpango huo ukaachwa, baada ya kutumika zaidi ya pauni milioni 30. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua hazikufuata hesabu za makaratasi, na mashine zilivunjika upesi kuliko zilivyoweza kutengenezwa. Reli nayo ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata leo pale Nachingwea kuna mahali panapoitwa Stesheni, na mtoto anayezaliwa hapo hajawahi kusikia garimoshi likipiga honi.

Mashine kubwa zilipoondoka, nani aliibeba mizigo ya watu? Korosho zilifikaje kwa mnunuzi, na mgonjwa alifikaje hospitali? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa magurudumu mawili, mnyororo mmoja na miguu ya mtu. Hatusemi hayo ili kuzidharau mashine. Barabara na magari ni baraka, nasi twamshukuru Mungu kwa kila daraja linalojengwa. Twasema tu kwamba watu wetu waliishi kwa kile kidogo kilichokuwapo, kilichofanya kazi kila siku bila kutangazwa.

Nyumbani kwetu baiskeli iliingia katika miaka ya neema ya korosho. Wazee wanakumbuka kwamba msimu wa 1973/74 nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 140,000, na nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa ziliezekwa bati kwa fedha hiyo. Baba yetu, kwa shauri la mjomba, alinunua baiskeli. Ilikuwa Phoenix kutoka China, nyeusi, yenye keria pana ya chuma na kengele iliyosikika hadi ng'ambo ya bonde. Siku ilipofika, majirani walikuja kuitazama kama wanavyokuja kumtazama mtoto mchanga. Mjomba aliizunguka mara mbili, akaipiga tairi kwa kidole, akasema, "Hii itawazika ninyi wote." Hakuna aliyemchukia kwa neno lile. Alikuwa anaisifu.

Ilibeba nini baiskeli hiyo? Afadhali kuuliza ni nini ambacho haikubeba. Msimu wa korosho ilibeba magunia, moja limelala juu ya keria na jingine limefungwa ndani ya fremu, na mtu akaisukuma kwa miguu kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukaa. Wakati wa kiangazi ilibeba madumu ya maji. Ilibeba mihogo, mbaazi na ufuta. Ilibeba kuku waliofungwa miguu, vichwa chini, wakitazama ulimwengu kwa namna yao. Ilibeba mbao za kitanda cha arusi, na baadaye mtoto aliyezaliwa kutokana na arusi hiyo akaenda kubatizwa juu yake. Bibi yetu, aliyekuwa ameapa kwamba hatapanda chuma kinachosimama kwa miguu miwili, aliipanda siku macho yalipomsumbua, akiwa amefumba macho hayohayo njia nzima na kusali rozari kwa sauti. Katekista aliiazima akiwa na safari ya kigango cha mbali. Majirani Waislamu waliiazima kwa ajili ya shughuli zao nao, kwa kuwa katika vijiji vyetu chombo cha nyumba moja ni chombo cha mtaa mzima.

Hata hivyo, ndugu zangu, upya wa kitu hauchukui muda kuzoeleka. Baada ya miaka michache hakuna mgeni aliyekuja kuitazama. Mahali pake palikuwa nyuma ya jiko, chini ya mapaa, ambapo nusu yake ilipata kivuli na nusu ilipata mvua. Jogoo alifanya usukani wake kuwa mahali pa kuwikia. Kengele ilipotea. Pedeli moja ilibaki chuma kitupu. Breki zilipokatika, aliyeiendesha alikanyaga tairi kwa kandambili yake, na ndiyo ikawa breki. Tandiko lilipochanika lilifungwa kipande cha gunia. Kisha ikaja ile miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo dukani hapakuwa na sabuni, wala chumvi, wala tyubu. Tairi likapasuka na kujazwa majani makavu ndani yake, likaendelea kuzunguka kwa sauti kama ya mtu atafunaye bisi.

Nayo ikaenda. Kila aliyeichukua alijua aendako, lakini hali ya gololi zake hakuijua. Aliyeirudisha aliiegemeza ukutani akaingia kula. Katika nyumba nyingi mambo huwa hivyo: kitu kinachovunjika kila siku hupewa fundi, grisi na maneno matamu, bali kile kisichovunjika hupewa kazi nyingine. Wazee husema shukrani ya punda ni mateke. Kwa punda wa namna hii methali yageuka: yeye hutoa huduma, na mateke huyapokea.

Ukafika usiku mmoja wa masika. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na homa iliyopanda tangu mchana, na giza lilipoingia akaanza kukakamaa. Gari halikuwapo kijijini. Lori la mwisho lilikuwa limepita juzi yake. Baba akaitoa baiskeli nyuma ya jiko. Mama akaketi juu ya keria, mtoto amefungwa kifuani kwa kanga, na safari ya kwenda hospitali ya misheni ya Mnero ikaanza kwa mwanga wa tochi yenye betri zilizochoka. Palipokuwa na mteremko baba aliendesha. Palipokuwa na kilima alisukuma. Walipofika kwenye kijito walikuta maji yamefunika njia. Mama alivuka kwanza na mtoto kichwani, maji yakimfika kiunoni. Baba akavuka nyuma yake na baiskeli begani. Chombo kilichobeba watu nacho kikabebwa. Ng'ambo wakapanda tena. Alfajiri mtoto alikuwa mikononi mwa masista, ametundikiwa dawa, na kabla ya jua kuwa kali alifumbua macho na kuomba uji.

Siku nne baadaye walirudi nyumbani, mtoto akiwa ameketi mbele kama mfalme. Watu walijaa uani. Walimshukuru Mungu, wakawasifu masista, wakampa mama pole. Dada zetu walikuwa wamekwisha pika ugali, na maji ya kunawa yalikuwa tayari. Baba hakunawa. Aliipindua baiskeli, akaisimamisha kwa tandiko na usukani, magurudumu juu. Akaufungua mnyororo, akausugua kwa kitambaa, akatoa tope lililokauka katika gololi kwa kijiti, akamimina oili chafu aliyokuwa ameihifadhi katika chupa. Mama akamwita chakula kinapoa. Akajibu, "Chakula kingoje, mama watoto. Huyu ndiye aliyetufikisha."

Alisema "huyu", kama anayemtaja mtu. Nasi watoto tukasimama pale tukitazama, kwa kuwa tulikuwa hatujawahi kuona chombo kikihudumiwa kabla ya mwenyewe kula. Tangu siku hiyo ikawa desturi yake kila Jumamosi jioni, na baiskeli ile iliendelea kutumika miaka mingi baada ya hapo, ikasomesha watoto kwa magunia iliyoyabeba.

Sasa, wapendwa, turudi katika Injili. Katika mfano wa Bwana, mtumwa anatoka shambani na bwana wake anakula kwanza. Ndivyo ulimwengu ulivyokuwa, na wasikilizaji wa Yesu walijua hivyo. Lakini tusikilize kwa makini ni nani anayeambiwa aseme kwamba hana faida. Ni mtumwa mwenyewe. Bwana Yesu anaweka neno hilo kinywani mwa mtumishi, ili amlinde na ugonjwa wa kujivuna, asije akamdai Mungu mshahara kwa kila sala aliyosali. Bwana hatoi ruhusa kwa anayehudumiwa kumtazama mtumishi usoni na kumwambia, "Wewe huna faida, umefanya yaliyokupasa tu." Neno lile ni la mtumwa. Likihamia kinywani mwa bwana linageuka kuwa dhuluma.

Na ili pasiwe na shaka, Mtakatifu Luka huyohuyo, katika sura ya 12, ametuandikia mfano mwingine, ambamo bwana anarudi usiku kutoka arusini akawakuta watumishi wake wako macho. Bwana huyo anafanya nini? Anajifunga mwenyewe, anawaketisha mezani, na kupita akiwahudumia. Huyo ndiye Bwana wetu. Usiku ule wa Karamu ya Mwisho alijifunga kitambaa, akapiga magoti mbele ya miguu yenye vumbi. Kwa hiyo Injili ina pande mbili, nazo hazipingani: anayehudumu ajihesabu hana deni la kudai, na anayehudumiwa ajihesabu ana deni la kulipa. Tukishika upande mmoja tu, ama tutazaa watumishi wenye majivuno, ama tutazaa mabwana wenye mioyo migumu.

Twajua kwamba mtu si chombo. Baiskeli haioni uchungu, wala haina roho ya kuokolewa. Lakini kama chuma kisicho na roho hudumu kwa kutunzwa na kuharibika kwa kuachwa, si zaidi sana mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu? Na kama ukimya wa chuma huweza kutudanganya tukadhani ni kizima, ukimya wa mtu hudanganya zaidi. Asiyelalamika hudhaniwa hana shida.

Tuwatazame makatekista wetu. Kanisa la kusini limesimama juu ya mabega yao. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Misheni zote mbili ziliteketea katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka 1906 Ndanda ikaanzishwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na jumuiya nyingi zikabaki bila padre. Nani aliyewakusanya waamini siku ya Bwana? Nani aliyewafundisha watoto ishara ya msalaba, akawabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa, akawazika wafu kwa sala? Walikuwa walimu wa dini, watu wa vijijini, wenye jembe mkono mmoja na katekisimu mkono wa pili. Na baada ya mwaka 1963, Jimbo la Nachingwea lilipoundwa, jimbo ambalo tangu mwaka 1986 linaitwa Jimbo la Lindi, ni makatekista haohao waliovifikia vigango ambavyo padre aliviona mara chache kwa mwaka.

Kanisa lenyewe limelitambua hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya kazi ya kimisionari, ya mwaka 1965, uliwasifu makatekista, na haukuishia katika sifa: ulitaka wapewe malezi, na wale wanaojitoa kabisa kwa kazi hiyo wapate riziki ya haki na maisha yenye heshima. Na tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa zima. Maandiko hayo ni mazuri. Lakini maandiko hayapaki grisi. Grisi hupakwa na mkono wa mtu wa kigangoni.

Tunamfahamu katekista mmoja aliyehudumu kigango chake kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kufunga mlango. Dominika moja hakuonekana, wala iliyofuata. Waamini wakadhani amesafiri. Tulipokwenda nyumbani kwake tulimkuta amelala juu ya mkeka, mguu umevimba tangu miezi kadhaa. Tukamwuliza, "Mzee, mbona hukusema?" Akajibu kwa upole, "Padre, hakuna aliyeuliza." Hakuwa analaumu. Alikuwa anajibu swali. Kisha akatuomba samahani kwa ajili ya somo la watoto wa Komunyo ya kwanza lililokuwa halijakamilika. Huyo ndiye mtumwa wa Injili ya leo. Amefanya yote yaliyompasa, na bado anajiona anadaiwa. Yeye amelitimiza fungu lake. Je, fungu la waliohudumiwa liko wapi? Twamshukuru Mungu kwamba jumuiya yake ilipozinduka ilimpeleka kutibiwa na kumlimia shamba msimu ule, na sasa anatembea, ingawa kwa fimbo.

Watu wa namna hiyo wamo pia ndani ya nyumba zetu. Yupo mama anayeamka kabla ya jogoo na kulala baada ya wote, ambaye hakuna aliyemwona akila akiwa ameketi. Yupo baba mzee aliyesomesha watoto kwa mikorosho, ambaye sasa watoto wako Dar es Salaam na humpigia simu wakiwa na shida ya hati ya kiwanja. Yupo binti wa kazi. Yupo mlinzi wa parokia. Watu hawa wote wana sifa moja: wasipokuwapo, ndipo tunapojua walikuwa wakifanya nini.

Hapa pana mtego mmoja ambao ni vema kuutaja wazi, kwa kuwa umevaa nguo za upendo. Ni mtego wa kumbukumbu tamu. Siku hizi pikipiki zimejaa Nachingwea na Ruangwa, na safari ya nusu siku imekuwa ya nusu saa. Baiskeli nyingi za zamani zimepimwa kwa mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita vijijini. Ndipo utawasikia watu wazima wakikaa barazani na kuzisifu: ilikuwa imara, haikutuangusha, hakuna tena baiskeli kama ile. Sifa zile ni za kweli. Lakini hazina gharama, na haziingii katika gololi za kitu kilichokwisha kuyeyushwa. Hali kadhalika misibani kwetu. Marehemu anasifiwa kwa saa nzima, sanda nzuri inanunuliwa, ng'ombe anachinjwa, na aliyelala katika jeneza alikosa nauli ya kwenda kupimwa presha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na pengine ukuta wenyewe utakuwa wa kaburi.

Mtume Paulo katika somo la pili anampa Timoteo dawa ya mtego huo. Mstari mmoja tu kabla ya somo la leo amemkumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, wanawake wawili walioibeba imani nyumbani kwa ukimya. Ni kumbukumbu tamu kwelikweli. Lakini Paulo haishii hapo. Mara moja anamwagiza Timoteo aichochee karama iliyo ndani yake, na kuilinda amana aliyokabidhiwa. Kukumbuka kunapaswa kuzaa kuchochea. Moto haufi kwa kumwagiwa maji peke yake. Hufa pia kwa kuachwa. Na nabii Habakuki, katika somo la kwanza, alipolalamika kwamba Mungu anachelewa, aliambiwa kwamba mwenye haki ataishi kwa uaminifu wake. Uaminifu huo ndio unaomfanya mtu aende hata njia isipoonekana, siku baada ya siku, kama gurudumu.

Nanyi makatekista mnaotusikiliza, huenda katika kibanda chenye redio moja kwa familia tatu, tunalo neno kwenu. Msihesabu kazi yenu kwa shukrani mnazopokea, maana hesabu hiyo itawachosha kabla ya jua kutua. Bwana aliyewaita anaona kilometa mnazokwenda. Lakini msidhani pia kwamba unyenyekevu ni kuficha ugonjwa. Mtumwa wa Injili aliambiwa ahudumu kwanza, kisha ale na kunywa. Hakuambiwa afe njaa. Mkiumwa, semeni. Mkichoka, pumzikeni. Na kabla hamjachakaa, mfundisheni kijana mmoja kazi yenu, ili kigango kisibaki yatima.

Kwa sisi sote, Dominika hii huangukia wiki ya kwanza ya Oktoba au karibu yake, wakati korosho zimeanza kudondoka na kila mmoja anahesabu atakachopata mnadani. Tunashauri mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo imtaje wiki hii mtu mmoja anayehudumu kimya, imtembelee, na kumwuliza swali moja: hali yako ikoje? Kisha inyamaze na kusikiliza jibu. Pili, kabla fedha ya msimu haijagawanywa kwa bati na simu, litengwe fungu kwa ajili ya wazee wa nyumba na katekista wa kigango, liwe kilo moja ya sukari au ada ya bima ya afya, kila mtu kwa uwezo wake. Tatu, yule ambaye tumezoea kumkuta amekwisha kuandaa chakula, siku moja tumketishe, tujifunge kanga au aproni, tumwandalie yeye. Watoto watashangaa, na mshangao huo utakuwa katekesi yao.

Tukifanya hivyo hatutakuwa tumemfanyia Mungu hisani. Tutakuwa tumefanya yaliyotupasa. Na jioni, tutakapoulizwa, tutajibu kama Injili inavyotufundisha: sisi nasi ni watumwa tu, na tulichotoa tulikuwa tumepewa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuja si kutumikiwa bali kutumikia, utuongezee imani kiasi cha mbegu ya haradali, nasi tuitumie. Uwatie nguvu wanaotuhudumia bila kunung'unika, na utufumbue macho tuwaone wangali hai. Uwapokee mezani pako makatekista na wazazi waliotutangulia, uwahudumie wewe mwenyewe kama ulivyoahidi. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.